Anayesubiri Kutumwa

Kontena lenyewe lilikuwa la futi 40, limebeba vyombo vya jikoni vya mteja wetu wa Kariakoo, na kosa lililotugharimu lilikuwa la tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Manifesti ya meli, yaani orodha rasmi ya shehena iliyobebwa, ilisema katoni 412. Orodha ya vifurushi iliyotoka kiwandani ilisema katoni 421. Kijana wa dawati letu la nyaraka aliiona tofauti hiyo Jumatatu asubuhi, akaendelea na kazi, akapanga karatasi kwa unadhifu kama ilivyo desturi yake, akaniletea jalada nami nikasaini. Ijumaa, ofisa wa forodha alipouliza kwa nini idadi hazilingani, ndipo nami nilipoziona kwa mara ya kwanza. Marekebisho ya manifesti huombwa kupitia wakala wa meli na hayakamiliki kwa siku moja. Wakati huohuo siku za bure za kuhifadhi mzigo bandarini zilikuwa zimekwisha, storeji, yaani tozo ya kuhifadhi mzigo, ikawa inahesabika upande mmoja na demareji, tozo ya kuchelewesha kontena, inanyemelea upande wa pili, na mteja anapiga simu kila baada ya nusu saa.

Nilimwita kijana yule nikamuuliza kama hakuiona tofauti. Alinijibu kwa utulivu, bila ubishi wala aibu: «Niliiona, madamu, ila sikuambiwa nikague idadi.»

Nimesimamia watu kwa miaka 11 katika shughuli hizi za uondoshaji wa shehena hapa Dar es Salaam, na jibu hilo, kwa maneno yake hayohayo au kwa maneno mengine, nimelisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wakati mwingine huja kama «nilikuwa nakusubiri wewe», wakati mwingine kama «nilidhani unajua», na kwa wale waliokata tamaa kabisa huja kwa maneno mawili tu: «yangu macho.» Kwa muda mrefu nililichukua kuwa ni jibu la mtu asiyefaa. Siku hizi sina hakika hiyo, na ninaandika haya kueleza kilichonibadilisha mawazo, pamoja na yale niliyojaribu kuyafanya, mengine yakafaulu na mengine yakanishinda.

Kila tangazo la kazi humtaka mwombaji awe mtu wa kujituma, nami mwenyewe nimeandika matangazo ya namna hiyo bila kulitazama neno lenyewe. Kutuma ni kumpeleka mtu akatende jambo kwa niaba yako. Katika mzizi huo tumepata mtume, mtumwa na mtumishi, ambao pamoja na tofauti kubwa ya hadhi zao, kila mmoja ana mtu nyuma yake anayemtuma au anayemtumikia. Kujituma kunamtaka mtu awe mtumaji na mtumwaji kwa wakati mmoja. Sasa sisi tunamtaka mwajiriwa ajitume ndani ya ofisi ambayo kila kitu kingine, kuanzia mpangilio wa meza hadi namna ya kuomba ruhusa ya kwenda msibani, kinamkumbusha kwamba mwenye haki ya kutuma ni mmoja tu. Halafu tunashangaa anapokaa akingoja.

Ni vema nimtenganishe mtu huyu na mvivu, kwa sababu wasimamizi wengi huwachanganya na hivyo huwatibu kwa dawa moja. Mvivu huikwepa kazi aliyopewa. Utamkuta kantini, utamkuta kwenye simu, na akibanwa atatoa sababu tatu zisizofanana. Anayesubiri kutumwa hufika mapema, huondoka kwa wakati, humaliza alichoagizwa, na akishamaliza huketi mbele ya kompyuta mikono ikiwa juu ya meza. Ukimtazama utamwonea huruma au utamkasirikia, ikitegemea siku yako imeendaje. Hasara anayoileta haionekani mara moja, maana imo katika yale ambayo hakuyasema: hitilafu aliyoiona akainyamazia, mteja aliyemsikia akilalamika asimripoti, njia fupi anayoijua lakini hakuna aliyemwuliza. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika kazi yetu mshindo huo huja umeandikwa kwenye ankara ya bandari.

Maelezo yanayopendwa zaidi na mameneja wenzangu tunapokutana ni kwamba hiyo ndiyo hulka ya watu wetu, au ya vijana wa siku hizi, au ya shule za kata, kutegemea anayezungumza ana umri gani na amesoma wapi. Mimi siamini. Nchi hii ina kumbukumbu nyingine. Mwaka 1971 TANU, chama tawala cha wakati huo, ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu kwa wale anaowaongoza. Wafanyakazi wa viwandani waliisoma ibara hiyo wakaichukulia kwa uzito ambao huenda hata waandishi wake hawakuutarajia: katika miaka iliyofuata waliweka zana chini katika viwanda kadhaa, wakawafungia mameneja nje ya milango, na madai yao mara nyingi hayakuwa ya mshahara, yalikuwa ya lugha chafu na unyapara. Hao ndio baba na babu wa vijana tunaosema wamezaliwa wanyonge.

Neno unyapara lenyewe lina historia inayostahili kukumbukwa na kila anayesimamia watu. Nyapara wa mashamba ya mkonge alikuwa na kazi ya kuhakikisha manamba, yaani kibarua wa shambani, amemaliza kazi ya siku ili alama iwekwe kwenye kipande chake, na kipande cha siku 30 kilipojaa ndipo mtu alipolipwa. Katika utaratibu huo hakuna mahali popote ambapo wazo la mfanyakazi lilihitajika. Kufanya ulichopimiwa, usizidishe, usiulize, ndiko kulikokuwa kuijua kazi. Mashamba mengi yamegeuka vichaka, lakini msimamizi anayepita kati ya meza akichungulia nani yupo kwenye kiti chake na nani hayupo, asijue kila mmoja anafanya nini, bado anahesabu vipande. Nimekuwa msimamizi wa aina hiyo, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Juu ya hayo kuna malezi. Wengi wetu tulilelewa kwamba mtoto hajibizani na mkubwa, na kwamba mkubwa akikosea hufunikwa kwa heshima. Shuleni aliyeuliza sana aliitwa mjuaji, na mjuaji si sifa. Siyadharau malezi hayo, kwa kuwa ndiyo yanayofanya ofisi yetu iwe mahali ambapo watu bado wanaamkiana na kuzikana. Ila yana gharama yanapoingia katika kazi inayodai mtu amwambie mkubwa wake kwamba hapo umekosea, tena sasa hivi, kabla saini haijakauka.

Wala si sisi peke yetu. Mfano ambao huwa nawapa watu wangu wapya unatoka mbali sana na Bandari ya Dar es Salaam. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia katika ukungu na watu 583 wakafa. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mkufunzi wa marubani wenzake, mtu mwenye heshima kubwa katika shirika lile. Alipotaka kuanza kukimbiza ndege mara ya kwanza, msaidizi wake alimkumbusha kuwa hawajapata ruhusa, naye akasimama. Alipoanza tena muda mfupi baadaye, msaidizi hakumzuia mara ya pili. Mhandisi wa ndege, aliyekuwa akisikiliza redio, aliuliza kama ile ndege ya Pan American haijatoka njiani. Rubani alijibu kwa mkazo kwamba imetoka, na mhandisi akanyamaza. Walikuwa na sekunde chache mbele yao. Hao hawakuwa watu waliolelewa Tandika wala Newala, walikuwa Waholanzi wenye ujuzi wa hali ya juu, na mmoja aliiona hatari, akaitaja kwa sauti ya kuuliza, akajibiwa na mkubwa, basi. Tangu hapo mashirika ya ndege yalilazimika kuwafundisha marubani wasaidizi kusema na marubani wakuu kusikiliza, kama somo la kazi linalorudiwa na kupimwa. Mimi hukazia hapo: lilifundishwa kwa pande mbili.

Narudi kwa kijana wa katoni 412. Wiki mbili baada ya mkasa ule nilimwuliza tena, safari hii tukiwa wawili tu na chai mezani, ni nini hasa kilimfanya anyamaze. Alisitasita, kisha akanikumbusha siku moja, miezi minane nyuma, tulipokuwa na mteja ofisini. Alikuwa ameona kwamba barua niliyosaini ilikuwa na tarehe isiyo sahihi, akasema mbele ya wote. Nami, kwa mujibu wa maelezo yake, nilimjibu: «Kwani aliyesaini ni wewe au ni mimi?» Mteja alicheka, wenzake wakacheka, barua ikaenda na tarehe yake mbovu. Mimi nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa. Sikulikumbuka hata baada ya kuelezwa. Nililazimika kumwamini kwa sababu sentensi ile ni yangu, naijua sauti yake. Yeye alikuwa mgeni kazini wakati huo, akitafuta kujua mahali hapa pana desturi gani, na siku ile alijifunza desturi ya mahali.

Kuanzia hapo nilianza kuwatazama walio kimya mmoja mmoja, nikagundua kwamba nilikuwa nimewaweka kwenye kapu moja watu wasiofanana hata kidogo.

Tuna mzee mmoja anayeshughulikia mizigo ndani ya bandari, ambaye katika mikutano hajawahi kutamka zaidi ya maneno kumi. Nilikuwa nimemwandika katika tathmini kuwa «hashiriki». Nilipokaa na kumbukumbu za miezi sita nikakuta makontena aliyoyasimamia ndiyo yaliyotoka haraka kuliko yote, na kwamba makuli, madereva wa foklifti na maofisa wa geti wote wanamjua. Huyo hakuwa na tatizo lolote, mwenye tatizo alikuwa mimi niliyedhani kushiriki ni kuzungumza mkutanoni. Tena ana miaka 20 kunizidi, mimi ndiye ninayempa shikamoo kila asubuhi, na kunisahihisha mbele ya vijana kungekuwa, kwa mizani yake, ni kunivunjia heshima mimi kabla ya kujivunjia yeye. Akiwa na jambo hupita mlangoni kwangu jioni, huniita binti yangu, hulisema kwa sentensi moja, huondoka. Nilichotakiwa kufanya ni kuwa pale jioni.

Dada wa uhasibu alikuwa na kimya cha aina nyingine. Miaka ya mwanzo alikuwa moto; yeye ndiye aliyetutengenezea utaratibu wa kufuatilia marejesho ya dhamana za makontena, jambo ambalo kabla yake lilikuwa linatupotezea fedha. Nafasi ya mkuu wa dawati ilipopatikana, uongozi ulileta mtu kutoka nje, na mimi nilipewa kazi ya kumweleza, nikaieleza vibaya. Baada ya hapo alifanya kila kilichoandikwa kwenye maelezo ya kazi yake, sawasawa na kilivyoandikwa, na saa 11 kamili jioni mkoba uko begani. Kiswahili kina jina la hali hiyo, mgomo baridi, na ubaya wake ni kwamba huwezi kumshitaki mtu kwa kutimiza mkataba. Nilimwomba radhi, nikiwa nimechelewa mwaka mzima. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru, na baada ya miezi minne akatoa notisi. Nasikia huko alikokwenda anasimamia idara nzima na ana sauti.

Wengine walikuwa kimya kwa sababu hawakuijua kazi, na kuuliza kungewafichua. Hao ni rahisi kuliko wote ukishawatambua, na ni vigumu kuwatambua kwa kuwa wamejifunza kutikisa kichwa na kusema «sawa» kwa wakati unaofaa. Sina maneno mengi juu yao hapa. Wanahitaji kufundishwa, na atakayewafundisha asiwe yule anayewaandikia tathmini.

Yapo mambo machache niliyoyabadilisha, na la kwanza lilinigharimu subira zaidi ya yote. Niliacha kujibu swali la «nifanye nini?» Mtu akija nalo, humwuliza yeye angefanya nini kama nisingekuwepo, kisha nanyamaza. Sikujua kunyamaza kunavyouma. Mtu aliyezoea kupewa jibu hukutazama akidhani unamtega, na sekunde kumi ofisini ni ndefu kuliko foleni ya Tazara, nawe jibu unalo mdomoni, tena simu inaita. Wiki ya kwanza kazi zilichelewa na mkurugenzi akaniuliza kama niko sawa. Wiki ya tatu walianza kuja na majibu mawili wanayoyasitasitia kati yake. Baadaye wengine hawakuja kabisa, na mara ya kwanza niligundua nimeketi nikijiuliza kama bado nahitajika, jambo ambalo nadhani linaeleza kwa nini wasimamizi wengi hawataki kuacha kuulizwa.

Hata hivyo kumwambia mtu «amua mwenyewe» bila kumpa mipaka ni kumtupa kisimani. Kila mmoja wa dawati la mizigo sasa anaruhusiwa kuamua matumizi hadi shilingi 150,000 kwa shehena moja bila kunipigia, kwa ajili ya makuli wa ziada, foklifti au usafiri wa dharura, na anaeleza baadaye kwa mstari mmoja. Kijana wangu wa nyaraka, nilipomhamishia huko kwa miezi mitatu, alikodi foklifti kwa shilingi 90,000 kwa mzigo ambao ungeweza kushushwa kwa mikono. Nilipoiona risiti nilihisi ile sentensi yangu ya zamani ikipanda kooni. Nilimwuliza tu kilichomfanya aone inahitajika, akaeleza, maelezo yake yalikuwa nusu sahihi, tukaishia hapo. Kama ningemfokea, fedha ile ingekuwa imepotea mara mbili, kwa sababu aliyefokewa kwa uamuzi wake wa kwanza hafanyi wa pili.

Kikao cha asubuhi nacho kiligeuzwa. Zamani nilifungua mimi, nikaeleza hali ya kila mzigo, nikauliza kama kuna mwenye swali, na bila shaka hakukuwa na mwenye swali. Sasa anaanza mdogo kuliko wote kwa muda wa kazi, wanafuata wengine kwa kupanda, na mimi ni wa mwisho. Mpangilio huo unapatana na adabu zetu kwa njia ambayo sikuitarajia: mdogo akisema kabla mkubwa hajasema hampingi mtu, kwa kuwa bado hakuna kauli ya kupingwa. Akisema baada yangu, lolote lisilofanana na langu ni ubishi.

Na kuna suala la kundi la WhatsApp la ofisi. Nilikuwa na mazoea ya kutuma ujumbe humo, kwa mfano kwamba mzigo wa mteja fulani ufuatiliwe geti namba fulani, na ndani ya dakika mbili ningepata «sawa» tisa na vidole gumba sita, kisha saa tisa alasiri nikakuta hakuna aliyekwenda. Kila mmoja alikuwa ameitikia kwa niaba ya wengine. Mhandisi wa kilimo wa Kifaransa, Maximilien Ringelmann, aliwahi kupima jambo hili kwa kamba, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1913: watu wakivuta pamoja, nguvu ya kila mmoja hupungua kadiri wanavyoongezeka, na walipokuwa wanane kila mtu alitoa takriban nusu ya nguvu aliyokuwa akiitoa peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni kutovuta kwa mpigo mmoja, lakini sehemu nyingine ni kule kujua kwamba kamba ina wenyewe wengi. Sasa kila jalada la shehena lina jina moja juu yake, si la idara. Aliyeandikwa hapo anaweza kumtuma yeyote, mimi nikiwemo. Mara mbili nimeshatumwa kufuata hati kwa wakala wa meli, na mara zote mbili kijana aliyenituma alianza kwa «samahani sana, madamu».

Si kila mtu aliyebadilika. Palikuwa na mmoja upande wa magari ambaye tulizungumza naye, tukamfundisha, tukampa muda, tukamwandikia, na mwisho tukaachana naye. Nalitaja kwa sababu wasimamizi wengi hukimbilia hatua hiyo ya mwisho bila kujua sheria inawataka nini. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinamtaka mwajiri anayemlalamikia mtu kwa utendaji duni achunguze sababu zake, ampe mwongozo au mafunzo yanayostahili, ampe muda wa kutosha wa kujirekebisha, na amwonye kabla ya kufikia kumwachisha. Zinauliza pia kama kiwango kinachodaiwa ni cha haki na kama mwajiriwa alikijua au alipaswa kukijua. Mtu akiachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko neno «hajitumi» halina uzito wowote, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema limeanzia wapi na limeishia wapi.

Nilipozisoma kanuni hizo kwa ajili ya mtu wa magari, nilifikiria zaidi yule wa katoni. Je, kiwango kilikuwepo? Nilitafuta katika mafaili yote ya ofisi mahali palipoandikwa kwamba karani wa nyaraka alinganishe idadi, uzito na thamani kati ya manifesti, orodha ya vifurushi na ankara kabla jalada halijasainiwa. Hapakuwa na mahali. Tulikuwa tunategemea kwamba mtu mwenye akili atajua, na wale waliokuwepo zamani walikuwa wanajua kwa sababu waliwahi kuumia. «Sikuambiwa» lilikuwa jibu la kweli tupu. Mstari huo sasa upo, umebandikwa ukutani juu ya dawati lake, na ni yeye aliyeuandika.

Rafiki yangu aliyeko serikalini huniambia kwamba sisi wa kampuni binafsi tunajisumbua bure, kwao kuna mfumo. Waliishi na OPRAS, utaratibu wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, tangu mwaka 2004, kwa fomu ambazo mara nyingi zilijazwa mwishoni mwa mwaka kwa kukumbukia, na sasa wanajaza utekelezaji wao kwenye kompyuta kupitia PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi yake. Namjibu kwamba mfumo unaweza kuonyesha kuwa mtu amefanya alichopangiwa. Aliyeona hitilafu kwenye jalada la mwenzake akanyamaza hana kisanduku cha kujaza, na alama zake zitatoka safi.

Mwezi uliopita tuliajiri kijana mwingine, ametoka chuo moja kwa moja, mpole, shati limenyooshwa. Alikabidhiwa kwa huyuhuyu wa katoni 412 ili amfundishe, kwa kuwa sasa ndiye anayeongoza dawati. Jana nilikuwa nimesimama nje ya mlango wao nikitafuta kalamu mkobani, nikamsikia mgeni akiuliza, «Kaka, hizi karatasi zina thamani mbili tofauti, nifanye nini?» Na mwalimu wake, bila kuinua macho kwenye kompyuta, akasema kwa sauti niliyoitambua mara moja, hata mkazo wake ulikuwa palepale: «Wewe panga tu, mengine niachie mimi.»

Niliondoka bila kuingia. Nimemwomba tunywe chai Jumatatu.